Sinki, shimo, moto au wakala? Kemikali zilizobaki nyumbani zipite njia ipi

Ushauri mwingi wa mtandaoni kuhusu kemikali zilizobaki nyumbani unaishia pale pale: zipeleke kwenye kituo cha manispaa cha taka hatarishi. Kwa mtu wa Hamburg au Toronto hayo ni maelezo kamili. Kituo kipo, anapakia gari Jumamosi, anashusha, anarudi zake. Kwa mtu wa Mbagala, Kisauni au Mwanakwerekwe maelezo hayo hayamfikishi popote. Gari linalopita mtaani kwake ni lile la taka, nalo hubeba kila kitu kwa pamoja: maganda ya ndizi, nepi na chupa ya thina.

Kwa hiyo tunaamua wenyewe, mara nyingi siku ya kuhama nyumba au siku mtoto anapokutwa ameshika dumu asilotakiwa kulishika. Ama tunamwaga kwenye sinki au chooni, ama tunatia kwenye mfuko wa taka, tunachimbia uani, tunachoma, tunampa mtu, tunaiacha kabatini, tunamuuzia mnunuzi wa skrepa, au tunamtafuta mwenye kibali cha kubeba taka hatarishi. Nimezipanga njia hizi mbili mbili, kila moja na mpinzani wake, maana ndivyo zinavyotujia: mtu hachagui kati ya nane, hubaki na mbili mkononi na kusitasita.

Swali ninalolitumia kupima ni moja: nikifanya hivi, sumu inaisha au inahama tu? Ikihama, inahamia kwa nani? Maswali ya gharama, harufu na usumbufu yanakuja baadaye.

Kostiki na maji ya betri: zote zinaunguza, ila haziishi kwa namna moja

Naanza na hizi kwa sababu ndizo zinazoonyesha tofauti hiyo vizuri, na zote ziko majumbani. Kostiki soda ipo kwa kila aliyewahi kujaribu kutengeneza sabuni ya miche au batiki. Maji ya betri yapo kwa mwenye sola, bodaboda au gari bovu lililosimama uani.

Ukiyagusa, yote mawili yanachoma ngozi. Hapo ndipo watu wengi wanapodhani kazi ni ile ile: ua ukali, kisha mwaga. Kwa kostiki ni kweli. Ukiiyeyusha na kuichanganya taratibu na siki, asidi ya siki na kostiki vinakutana na kugeuka kuwa chumvi nyepesi ambayo vijidudu vya shimo la choo vinaila bila shida. Sumu imeisha, haipo tena. Tatizo ni hesabu: gramu 100 za kostiki safi zinahitaji takriban lita 3 za siki ya dukani ya asilimia 5. Mwenye nusu kilo atanunua lita 15 za siki ili atupe kitu kilichomgharimu pesa kidogo. Mimi sioni maana yake.

Njia bora zaidi ni kuifanyia kazi yake. Gramu 100 hizo hizo zinatosha karibu robo tatu ya kilo ya mafuta ya mawese, na unapata sabuni ya kufulia. Mafuta yaliyochoka ya kukaangia chipsi nayo yanafaa, ukiyachuja na usipojali rangi. Kostiki iliyokaa wazi muda mrefu hunyonya unyevu na hewa ya ukaa, ikashikana mabonge na kupungua nguvu, kwa hiyo sabuni inaweza kutoka laini, itafulia matambara. Masharti hayabadiliki: glavu, miwani, ndoo ya plastiki ngumu, na kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki. Sufuria ya alumini usiitumie. Kostiki inaila alumini, mchanganyiko unachemka na kutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto kwa cheche ya jiko la jirani.

Sasa maji ya betri. Ni asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji, na ukiyanyunyizia magadi yanatoa povu mpaka yatulie. Povu likiisha, ukali umeisha. Fundi wa betri wa mtaani atakuambia, "Mzee, hapo yamekufa, mwaga mtaroni." Yamekufa kwa upande mmoja tu. Ndani yake mna risasi iliyomomonyoka kutoka kwenye sahani za betri, ile tope ya kijivu inayotua chini, na magadi hayaiondoi risasi. Risasi haiozi, haivunjiki, haiungui ikaisha. Itakaa kwenye udongo wa mtaro mpaka mvua iisogeze au mtoto ailambe kwenye vidole. Kwa hiyo betri haifunguliwi nyumbani, wala haimwagwi. Inakwenda nzima, ikiwa imesimama wima, maji yake yakiwa ndani. Iende kwa nani, nitalifikia chini.

Wapenzi wa elektroniki wanaochonga bodi za sakiti wenyewe kwa kloridi ya feri wako upande wa betri, si wa kostiki. Maji yale ya kahawia yakishageuka kijani yamebeba shaba. Ukiyatia magadi, shaba inashuka kama tope; maji ya juu yanatulia, lakini tope lazima likaushwe, lifungwe kwenye kopo na litunzwe pembeni likisubiri wa kulichukua. Mpiga picha anayesafisha filamu mwenyewe ana fedha, madini yenyewe, kwenye maji yake ya kugandishia picha, na naye asiyamwage.

Shimo la choo au gari la taka?

Huu ndio ushindani wa kila siku, na jibu linategemea kama kitu ni kimiminika kinachochanganyika na maji, au la.

Nyumba nyingi za miji yetu hazijaungwa kwenye bomba la majitaka. Sinki, bafu na choo vinaishia kwenye chemba, kutoka hapo shimoni, na shimo lenyewe linaishi kwa vijidudu vinavyomeng'enya uchafu. Usafi wa kawaida hauvidhuru: kifuniko cha Jik kwenye ndoo ya kupigia deki, sabuni ya maji, maji ya kufulia. Kinachoviua ni dumu zima kwa mkupuo mmoja. Vikifa, uchafu haumeng'enywi, shimo linajaa kabla ya wakati wake, na unamwita mwenye gari la kunyonya miezi mingi mapema kuliko ulivyopanga. Halafu yale maji ya juu yanayopenya kwenda ardhini yanatoka yakiwa mabichi.

Kwa hiyo sinki inapokea vitu ambavyo vimeundwa vipite sinki, kwa kiasi kidogo, na maji mengi nyuma yake. Jik iliyopitwa na wakati ni mfano mzuri; joto na jua huivunja yenyewe polepole ikabaki karibu na maji ya chumvi. Usiitupe, deki nayo choo mpaka iishe. Sharti ni isikutane na dawa ya kusugulia choo yenye asidi, maana viwili hivyo vinatoa gesi ya klorini, na choo chenye kidirisha kimoja juu kinatosha kumlaza mtu hospitali. Sabuni ya maji iliyoharibika, ile iliyokataa kuwa nzito au iliyojitenga, nayo inapita salama kidogo kidogo. Salfoniki asidi, ile ya kutengenezea sabuni ya maji, ambayo haijatumika usiimwage. Ikikutana na kostiki inakuwa sabuni, ndiyo kazi yake, na kila mtaa una kikundi cha kina mama kitakachoipokea kwa shukrani.

Petroli, mafuta ya taa, thina, rangi ya mafuta na vanishi vina tabia tofauti. Havichanganyiki na maji, vinaelea juu ya chemba na kutoa mvuke unaojikusanya gizani. Mwaka 1992 mjini Guadalajara, Meksiko, petroli iliyovujia kwenye mabomba ya majitaka ililipuka na kuua zaidi ya watu 200. Chemba yako haina petroli ya kiasi hicho, lakini mvuke wa nusu lita ya thina na fundi aliyeinama na sigara vinatosha kuleta msiba wa nyumba moja.

Je, gari la taka? Kwa kimiminika chochote, hapana. Mfuko unapasuka kabla haujafika mwisho wa mtaa, na kijana anayeubeba kichwani hana glavu. Ukifika Pugu Kinyamwezi, dampo la Dar es Salaam, kuna watu wanaochambua lundo kwa mikono wakitafuta chupa na chuma. Wanaofungua chupa yako kuinusa ni hao.

Kitu kigumu kilichokauka ni habari nyingine, na hapa gari la taka linashinda. Rangi ya maji iliyobaki robo kopo ichanganye na mchanga, maranda ya mbao au hata saruji iliyoganda nusu mfukoni, iache wazi mahali penye kivuli na hewa mpaka iwe jiwe. Ikishakauka haimwagiki wala haivuji. Rangi ya mafuta hukauka polepole zaidi na inanuka, kwa hiyo iwe mbali na madirisha na moto. Ila kabla ya yote hayo, jiulize kama kuna ukuta wa choo cha msikiti, darasa au banda la kuku unaohitaji rangi. Rangi haina haja ya kufanana na kitu chochote humo.

Kuna jambo moja ambalo maseremala wanalijua na wengine wengi hawalijui. Matambara yaliyofutia mafuta ya kitani, yale ya kung'arishia mbao, hayatupwi yakiwa yamekunjwa. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto; yakiwa yamebanana kwenye mfuko joto halina pa kutokea, na tambara linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Yaanike moja moja kwenye kamba au juu ya uzio mpaka yawe makavu kama ngozi, ndipo yatupwe.

Kuchimbia au kuchoma?

Kati ya njia zote, hizi mbili ndizo zinazompa mtu hisia ya kumaliza kazi. Umefukia, huoni tena. Umechoma, yamebaki majivu. Mimi nikilazimishwa kuchagua ningezikataa zote mbili, lakini haziko sawa kwa ubaya.

Kuchimbia ndiyo inayohamisha sumu kimya kimya. Uone kilichotokea Vikuge, shamba la serikali katika mkoa wa Pwani. Mwaka 1986 lilipokea msaada wa viuatilifu kutoka Ugiriki, vingine vikiwa tayari vimepitwa na muda. Vikakaa, ghala likachakaa na kuanguka, sumu ikaingia ardhini. Miaka mingi baadaye, hata baada ya shehena kuondolewa, watafiti walipima udongo wa pale na kukuta bado una DDT na ndugu zake kwa viwango vya kutisha. Vikuge ni shehena ya tani, chupa yako ya dawa ya kunguni ni robo lita. Namna sumu inavyosafiri ni ile ile, na wewe kisima chako kiko hatua kadhaa kutoka hapo ulipochimba.

Udongo nao una maneno yake. Sehemu kubwa ya Dar ni mchanga, na mchanga unapitisha maji haraka. Unguja, Pemba na Mombasa kuna jiwe la matumbawe lenye nyufa na mapango. Hapo kimiminika kinaweza kushuka hadi kwenye maji ya kisima bila kuchujwa na chochote. Anayekuambia "chimba futi tatu inatosha" huenda amekulia kwenye mfinyanzi wa bara. Pwani ushauri huo ni hatari.

Kuchoma kuna upande mmoja wa kweli: vitu kadhaa huisha kabisa kwenye moto, ila moto huo si wa uani. Tanuri la saruji hufikisha malighafi yake kwenye nyuzi 1,450 hivi, ndiyo maana katika nchi nyingi kemikali zilizoharibika hupelekwa huko. Moto wa majani makavu na maboksi haukaribii joto hilo, na moto dhaifu haumalizi sumu bali unaigeuza. Plastiki ya PVC, ile ya mabomba na waya, inatoa gesi ya asidi na sumu kali iitwayo dioksini. Mkebe wa kupulizia mbu unalipuka ukiwa mtupu au una kitu. Betri ndogo za tochi zinatema metali kwenye moshi; za simu na kompyuta, zenye lithiamu, zinawaka zenyewe kwa hasira na hazizimiki kirahisi.

Mbao nazo zisisahaulike, kwa kuwa tunapikia. Vipande vya nguzo na mbao zenye rangi ya kijani kibichi iliyoingia ndani mara nyingi vimetiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki ili mchwa asivile. Ukivichoma, aseniki inagawanyika kati ya moshi na majivu. Majivu hayo hayasugui sufuria, hayaendi kwenye mchicha, na kuni hizo hazikaangi mandazi ya kuuza.

Ukinibana nichague, basi ni hivi: boksi na karatasi visivyo na kemikali choma ukitaka, kemikali yenyewe usiichome wala usiichimbie, irudishe kabatini na usome sehemu inayofuata.

Kumpa mtu au kuitunza?

Watu wanaona kutunza ni uzembe. Kwa hali yetu ya sasa, kutunza vizuri mara nyingi ndiko kunakopunguza madhara kuliko kutupa leo, mradi unajua unasubiri nini na kitu chenyewe hakiharibiki kwa hatari.

Kugawa kunashinda pale kitu kingali kizima na anayepewa anakijua. Fundi rangi atachukua thina. Anayetia nakshi kwenye meza kwa epoksi, gundi ya chupa mbili inayoganda zikichanganywa, atachukua nusu ya chupa A na nusu ya chupa B, mradi zote mbili zipo, kwa sababu moja peke yake haimfai. Kama zako zimebaki kwa uwiano, zichanganye kidogo kidogo kwenye kikopo kipana, ziache zigande, na ukishapata kipande kigumu kinakuwa taka ya kawaida. Usichanganye nyingi kwa pamoja kwenye chombo kirefu, inachemka na kutoa moshi.

Haidro, unga mweupe wa watengeneza batiki unaotumika pamoja na kostiki kuyeyusha rangi, ndio mfano wangu wa kitu kisichofaa kutunzwa ovyo. Ukilowa kidogo, labda paa limevuja au mfuniko haukukazwa, unaanza kupata joto wenyewe, unatoa moshi wenye harufu ya kiberiti, na ukiwa mwingi unawaka. Ukiwa mkavu na wa unga, mpe mtengeneza batiki mwingine wiki hii hii. Ukiwa umeshashikana mabonge na mkebe una joto, usiubebe ndani ya mfuko wa taka. Utoe nje, mbali na mbao na nguo, na upige simu kuomba msaada wa zimamoto au mkemia.

Kabati lenyewe lina ujirani wake. Klorini ya unga ya kutibia maji au bwawa haikai rafu moja na gliserini, mafuta au maji ya breki. Gliserini ikimwagikia klorini hiyo moto unaweza kuwaka baada ya muda mfupi, na watengeneza sabuni wengi huwa navyo vyote viwili kwenye mfuko mmoja wa sokoni. Asidi ya choo ikae mbali na Jik. Kila kitu kibaki kwenye chombo chake chenye lebo.

Hili la chombo nalirudia kwa makusudi: mafuta ya taa, kostiki iliyoyeyushwa na viuatilifu havitiwi kwenye chupa ya soda au ya maji, hata kwa usiku mmoja. Mtoto wa miaka miwili anaitambua chupa ya soda, hasomi karatasi uliyobandika. Na akinywa, usimtapishe. Mpeleke hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Vidonge vya kuhifadhia mahindi ghalani vinahitaji woga wa pekee. Vikipata unyevu, hata ule wa hewani, hutoa gesi ya fosfini inayoua familia iliyolala. Havitupwi chooni, havimwagiwi maji, havikai chumbani. Vilivyobaki kwenye kopo lililofungwa vyema mrudishie muuzaji wa pembejeo au ofisa kilimo. Hapa kugawa kwa jirani ambaye hajafundishwa ni kumpa jeneza.

Viuatilifu vingine vya bustani vimalizie kwenye zao lile lile lililoandikwa kwenye lebo, kwa kipimo kile kile. Chupa ikiisha, suuza mara tatu, na maji ya kusuuzia yarudi kwenye pampu yapulizwe shambani. Kisha itoboe. Chupa nzuri isiyotobolewa wiki ijayo itauzwa gengeni ikiwa na mafuta ya kula.

Mnunuzi wa skrepa au mwenye kibali?

Kwa betri za magari na sola, mshindani wa kwanza anakuja mwenyewe mlangoni na mizani. Analipa pesa taslimu, kwa sababu zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi na risasi ina soko. Mwenye kibali hutaka umfuate. Si ajabu tunajua nani anashinda.

Kabla hujampa wa mlangoni, fikiria Owino Uhuru, kijiji cha Mombasa kilichokaa ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Watoto walikutwa na risasi kwenye damu. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa kiwandani hapo, aligundua mtoto wake mwenyewe ameathirika, akaanzisha mapambano yaliyompa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi ikaendelea ngazi za juu. Kiwanda hicho kilinunua betri kama hiyo ya kwako.

Sisemi kila mnunuzi wa skrepa ni mwuaji. Namuuliza mambo mawili: anaivunja mwenyewe au anaiuza nzima, na maji yake anayapeleka wapi. Akijibu kwamba anaipasua uani kwake ili iwe nyepesi kubeba, naiacha betri ikae gereji. Chaguo la katikati ni duka la betri lenyewe. Maduka kadhaa hupunguza bei ya mpya ukirudisha ya zamani, na mzigo wao huwa mkubwa kiasi cha kumvutia mwenye kiwanda kilichosajiliwa. Uliza kabla ya kununua, si baada.

Oili chafu ina ushindani wake. Wengi wetu tumeona nguzo za uzio zikipakwa oili ya gari ili mchwa wasile. Ni afadhali kuliko kuimwaga mtaroni, nakubali, lakini imebeba metali na mabaki ya kuungua, na mvua ya masika inaiosha taratibu kwenda ardhini. Isipakwe kwenye banda la mbuzi wanaolamba mbao, wala karibu na kisima au bustani ya mboga. Gereji inayokusanya kwenye pipa na kuuza kwa wanaoisafisha au kuichoma kwenye tanuri la kiwanda inaishinda njia hii kwa mbali. Kwa hiyo badilisha oili gerejini. Ukibadilisha nyumbani, rudisha ya zamani kwenye galoni ile ile ya mpya.

Sasa mwenye kibali. Tanzania Bara, kukusanya na kusafirisha taka hatarishi kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, ndiyo ya kuuliza nani anacho. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inasimamia kemikali zenyewe kwa sheria ya 2003, ina ofisi za kanda zikiwemo Mwanza, Arusha, Mbeya na Mtwara, na ndiyo inayofaa kuulizwa unapokuwa na chupa usiyoijua ndani yake mna nini. Mamlaka ya mazingira ya kuuliza Zanzibar ni ZEMA, Kenya ni NEMA. Kwa vifaa chakavu vya umeme, Nairobi ina WEEE Centre.

Kasoro ya mwenye kibali ni kwamba amezoea viwanda. Anataka mapipa, wewe una mfuko wa rambo. Njia inayowezekana ni kuungana. Kikundi cha sabuni cha watu ishirini, klabu ya elektroniki ya chuo, shule yenye maabara ya kemia iliyojaa chupa za zamani, hao wakikusanya pamoja wanafikia uzito unaomfanya mtu awashe gari. Shule ndiyo mwenyeji mzuri kuliko wote, ina stoo yenye kufuli na mwalimu anayesoma lebo. Bwana afya wa kata anaweza kuandika barua. Barua yenye mhuri hufungua milango ambayo simu yako haifungui.

Dawa za hospitali zilizopitwa na muda hazihitaji maelezo marefu: rudisha famasi au zahanati, usizitie chooni. Balbu za kubana umeme, zile za mirija iliyojisokota, zina zebaki kidogo. Zisivunjwe, zikae kwenye boksi lake mpaka kikundi kitakapopeleka mzigo. Kipimajoto cha zebaki kikivunjika usifagie wala usitumie mashine ya kunyonya vumbi; fungua madirisha, zikusanye chembe kwa karatasi ngumu na gundi ya plasta, na uzifunge kwenye chupa ya kioo.

Siku mwenye kibali anapokuja, mwombe akuonyeshe kibali chenyewe na tarehe yake ya mwisho, muulize mzigo unaishia kwenye tanuri gani au dampo gani, na usitoe hela ya mwisho mpaka akupe karatasi yenye uzito na jina la mahali ulipopelekwa. Akisema karatasi ataileta kesho, mzigo nao utaondoka kesho.